Aliona, akanyamaza

Ilikuwa Kwaresima ya mwaka 2024, Jumatano ya wiki ya tatu. Nilikuwa nimemaliza Misa ya asubuhi, bado navua mavazi ya ibada, mama mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo iliyo jirani na parokia yetu hapa Bariadi akasimama mlangoni mwa sakristia. Si mama wa kunisubiri asubuhi. Siku za kazi akitoka kanisani huwa ameshafika sokoni kabla sijazima mishumaa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Paroko."

"Milele amina, mama. Mwangaluka. Nyumbani wazima?"

"Wazima, Baba. Ila mimi sijalala."

Akanyoosha mkono. Alikuwa ameshika simu ya binti yake mdogo, kioo kimepasuka pembeni. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya ndege ndogo iliyovunjika vipandevipande kwenye majani, watu wamesimama pembeni wakiitazama. Sikuhitaji maelezo. Mtoto wake wa kwanza alikuwa anasomea urubani Afrika ya Kusini, na habari ya Nairobi ilikuwa imetapakaa tangu jana yake.

Habari ya masomo ya kijana yule naijua vizuri, kwa sababu nilikaa kwenye kikao cha ukoo kilichoyaamua. Baba yake ni mkulima wa pamba. Waliuza ng'ombe kwa awamu mbili, wakauza na kiwanja kimoja, na mjomba wa kijana, mzee asiyependa mambo mengi, alisema siku ile: "Ng'ombe wetu hawa tunakwenda kuwarusha hewani." Watu wakacheka. Mama hakucheka, lakini ndiye aliyekubali wa kwanza.

Sasa alikuwa amesimama mbele yangu na swali moja tu. "Baba, nimrudishe?"

Kwanza niwakumbushe wasomaji kilichotokea. Asubuhi ya Jumanne tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 ya kampuni ya Safarilink iliruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, kwenda Diani, pwani ya Kenya. Ilikuwa na abiria 39 na wafanyakazi 5. Muda mfupi baada ya kuruka, waliokuwamo walisikia kishindo kikubwa. Marubani wakageuza, wakarudi, wakatua salama. Kishindo kile kilikuwa cha kugongana na Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo ya chuo cha urubani cha Ninety-Nines kilichopo hapo hapo Wilson. Ndege ndogo ilianguka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ambayo imepakana na uwanja. Ndani yake walikuwamo watu wawili, mkufunzi na mwanafunzi wake. Wote wawili walifariki.

Kueleza nani alikosea wapi ni kazi ya wachunguzi wa ajali wa Kenya, si ya padre wa Simiyu. Marehemu hawa tunawaombea, hatuwahukumu, na nitakayoyasema hapa chini kuhusu mafunzo ya urubani kwa jumla yasichukuliwe kuwa maelezo ya ajali yao. Lakini swali la pili la mama yule sikuweza kuliacha. Alisema: "Mbingu yote ile, Baba, kubwa hivi, wamekosaje nafasi ya kupishana?"

Ni swali ambalo angeuliza mtu yeyote aliyezoea kutazama anga letu. Ukisimama Nyakabindi wakati wa kiangazi, pamba imeshavunwa, anga liko wazi toka Maswa mpaka upande wa ziwa. Ndege ndogo zinazokwenda na kutoka Serengeti unaziona moja, baada ya muda mrefu nyingine. Ungesema hata mia zingetosha.

Jibu nililompa ni la kifugaji, kwa sababu yeye ni binti wa wafugaji. Nilimwambia: mama, mbuga nayo ni kubwa, lakini ng'ombe wanakanyagana wapi? Si mbugani. Wanakanyagana lamboni, kwa sababu wote wana kiu na maji ni mamoja. Ndege nazo zina lambo lao, ndio uwanja. Watu wanaochunguza ajali za ndege ndogo kugongana wamekuta mambo ambayo mtu hayategemei. Nyingi hutokea mchana, jua likiwaka na macho yakiona mbali. Nyingi hutokea karibu na uwanja, chini chini, si juu kabisa. Na mara nyingi zile ndege mbili hazikuwa zimetazamana uso kwa uso, bali moja ilikuwa inaifuata au inaipita nyingine, au mbili zinateremka kwenye njia ile ile, ya juu haimwoni wa chini na wa chini hamwoni wa juu.

Na nani anaishi karibu na uwanja kuliko wote? Mwanafunzi. Rubani wa abiria anaruka anaondoka. Mwanafunzi anaruka, anageuka, anazunguka kama futi 1,000 juu ya ardhi, anatua, anaruka tena bila kusimama, anazunguka tena. Saa nzima yuko lamboni.

Nisisahau kwamba anga letu hili lina kaburi lake. Tarehe 10 Januari 1959, Mjerumani kijana Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti na baba yake Bernhard kwa kutumia ndege waliyoipaka milia ya pundamilia, aligongana na tai angani. Bawa likaharibika, ndege ikaanguka, akafa akiwa na miaka 24. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, akalazwa kando yake. Lugha yetu imewapa wote wawili jina moja, ndege mwenye manyoya na ndege ya bati, na naona haikukosea. Wanagawana njia moja, na mmoja wao hana redio.

Jioni ya siku ile kijana alipiga simu, na mama akaniomba niwepo. Tulikaa watatu kwenye ukumbi wa parokia, mama, binti mdogo na mimi, simu katikati ya meza, sauti imefunguliwa. Nilijifunza mengi kwa dakika arobaini zile kuliko nilivyotegemea, na kwa sababu nina miaka zaidi ya hamsini na macho yanaanza kunisaliti, mengine yalinigusa binafsi.

Alituambia jicho la binadamu halikuumbwa kwa ajili ya anga tupu. Ukitazama mahali pasipo na kitu, pasipo wingu wala mlima, jicho linalegea lenyewe na kuanza kuona karibu, mita chache tu mbele ya pua, wakati wewe unaamini unaona mpaka upeo. Unatazama, macho yako wazi, na huoni. Kwa hiyo wanafundishwa kutokutazama kwa kupepesa kutoka kushoto mpaka kulia kama mtu anayefagia. Wanaligawa anga vipande vidogo, wanasimamisha jicho kwenye kila kipande kwa sekunde moja au zaidi, ndipo wanahamia kingine.

Kisha akasema jambo lililomfanya mama aache kusokota khanga yake. Ndege inayopita mbele yako na kukuacha, utaiona inatembea kwenye kioo. Inatoka upande mmoja inakwenda mwingine, na jicho hudakwa na kitu kinachotembea. Lakini ndege itakayokugonga haitembei. Inakaa pale pale kwenye kioo kama doa, kama nzi aliyetua. Kwa muda mrefu haiongezeki ukubwa wa kuonekana, halafu sekunde za mwisho inavimba ghafla na kujaza kioo. Wanafundishwa hesabu ya sekunde 12 na nusu: tangu jicho lidake kitu, akili itambue kuwa ni ndege, iamue pa kukimbilia, mikono ivute usukani na ndege yenyewe ikubali kugeuka. Anayeliona doa likiwa limeshavimba hana tena sekunde hizo.

Ziko sheria, na ni nzuri. Ndege mbili zikikutana uso kwa uso, kila mmoja anageukia kulia kwake. (Binti mdogo alishangaa, maana barabarani sisi tunapishana kushoto.) Zikikaribiana kwa njia panda, aliye upande wa kulia ana haki ya kupita. Anayetaka kumpita mwenzake anapita kuliani. Anayeteremka kutua anapishwa. Wanaosafiri kuelekea mashariki wana futi zao za kupitia na wanaoelekea magharibi zao. Kwenye viwanja vidogo vya porini visivyo na mnara wa kuongozea ndege, kila mmoja anajitangaza redioni: nipo hapa, nateremka, nageuka. Na kabla ya kugeuka wanainua kwanza bawa na kuchungulia, kwa sababu ndege kama Cessna ina mabawa juu ya vichwa vyao, na ukigeuka kushoto bawa la kushoto linashuka na kukuzibia upande ule ule unaouendea. Hapo nilitabasamu peke yangu. Nimewajua watu wengi, nami nimo, ambao kinachowazibia njia ni kiungo cha mwili wao wenyewe.

"Lakini sheria zote hizi," mama akauliza, "wenzenu wale hawakuzijua?"

Kijana akakaa kimya kidogo. Kisha akasema: "Mama, wakati wa mafunzo kuna shida nyingine." Akatueleza. Ndani ya ndege ya mafunzo kuna watu wawili, kwa hiyo ungefikiri usalama ni mara mbili, macho manne badala ya mawili. Kumbe inaweza kuwa kinyume. Mwanafunzi anatazama ndani, kwenye saa zake za mwendo na kimo, maana ndizo atakazoulizwa. Mkufunzi naye anatazama ndani, anamtazama mwanafunzi, mikono yake, miguu yake, uso wake. Mwanafunzi anajiambia: mwalimu yupo, ana uzoefu, bila shaka anaangalia nje. Mkufunzi anajiambia: huyu nimeshamfundisha kuangalia nje. Macho manne yamo ndani ya chumba kimoja kidogo, na nje hakuna anayeangalia.

Niliposikia maneno hayo nilinyanyuka nikaenda dirishani. Walidhani nimechoka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimerudi kwenye barabara ya Lamadi.

Jambo hili sijapata kuliandika kwenye ukurasa huu, ingawa baadhi ya waumini wangu wanalijua. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na frateri aliyekuja kwa mwaka wake wa uchungaji. Kijana mpole, mtii, anayekuamkia hata mkikutana mara ya tatu kwa siku. Alihitaji kujua kuendesha gari, maana vigango vyetu viko mbali, nikajitwisha kazi ya kumfundisha mimi mwenyewe kwa pikapu ya parokia. Siku za kwanza alikuwa na kosa moja, alikanyaga breki kwa ghafla kila alipoona kitu, hata mbuzi aliye mbali. Nikamfokea. Nikamwambia, na ninakumbuka kila neno: "Usikanyage breki mpaka nikuambie. Na usiniambie kuna nini barabarani, naona."

Siku ya tukio tulikuwa tunatoka Lamadi kurudi Bariadi, alasiri, barabara kavu, jua nyuma yetu. Yeye kwenye usukani, mimi pembeni. Nilikuwa ninamweleza jinsi ya kubadilisha gia bila kuivuta kama anang'oa muhogo, na macho yangu yalikuwa miguuni pake. Yeye alikuwa akitazama mshale wa mwendo, maana nilimwambia usizidi sitini. Mtoto wa kiume, kama miaka kumi na mmoja, akatoka kwenye kinjia cha upande wa kushoto na baiskeli yenye madumu mawili ya maji. Nilisikia dumu likipasuka kabla sijamwona mtoto.

Hakufa. Mungu ashukuriwe. Alivunjika mguu mahali pawili, akalazwa majuma mengi. Sasa yuko sekondari, na akitembea umbali mrefu anachechemea kidogo. Wazazi wake walitusamehe kabla hatujamaliza kuomba msamaha, kwa upole ambao mimi nisingekuwa nao.

Usiku ule kwenye benchi la hospitali, frateri alilia. Nikamwambia maneno ya kumfariji, kwamba hakuna aliyemwona mtoto, alitokea ghafla. Akainua uso. "Padre, mimi nilimwona. Nilimwona toka mbali. Nilikuwa nasubiri umalize kuongea."

Nimesikia maungamo kwa zaidi ya miaka ishirini. Sijapata kusikia ungamo lililonihukumu mimi msikilizaji namna ile.

Seminarini tulifundishwa kuhubiri juu ya Eli na Samweli kama habari ya wito. Mtoto anaitwa usiku, anadhani ni mzee, anakimbia mara tatu, mara ya tatu mzee anatambua ni Mungu na kumfundisha namna ya kuitika. Nimeihubiri mara nyingi kwa watumishi wa altare, na ni habari tamu. Lakini fungueni Biblia nyumbani, Kitabu cha Kwanza cha Samweli sura ya 3, mkaisome yote. Somo la Dominika ya pili ya Mwaka B linakomea aya ya 10 na kurukia aya ya 19. Hata siku za juma katika mwaka shufwa, ile Jumatano ya wiki ya kwanza, somo linaruka vivyo hivyo. Kwa hiyo Mkatoliki anayesikiliza Neno kanisani tu anaweza kuzeeka bila kusikia kilicho katikati, aya ya 11 mpaka ya 18.

Kilicho katikati ni hiki. Ujumbe ambao Samweli aliupokea usiku ule ulikuwa unamhusu mwalimu wake. Ulikuwa wa kutisha: nyumba ya Eli inakwenda kuanguka, kwa sababu alijua mabaya ya wanawe na hakuwazuia. Mtoto akalala mpaka asubuhi. Akaamka, akafungua milango ya nyumba ya Bwana kama kawaida yake, kazi yake ya kila siku, na hakusema. Maandiko hayafichi sababu. Aliogopa kumwambia Eli.

Tazameni picha hiyo. Mzee macho yake yamefifia, Biblia imetaja hilo mapema kabisa. Mtoto ameona. Mtoto anafungua milango, anapangapanga vitu, anaamkia, na ndani yake amebeba kitu kinachokuja moja kwa moja kuelekea kwa mwalimu wake, kimesimama kwenye kioo kama doa.

Aliyeokoa jambo hapo ni Eli. Wahubiri tumezoea kumsema vibaya mzee huyu, na kweli alishindwa kama baba. Lakini kama mwalimu, asubuhi ile alifanya jambo ambalo mimi sikulifanya kwenye pikapu. Alimwita mtoto, akamuuliza ameambiwa nini, akamsihi asimfiche hata neno moja, na akamwekea uzito wa laana endapo angemficha. Yaani alimwondolea mtoto ruhusa ya kunyamaza. Mtoto aliposema yote, Eli hakumpiga wala hakumwambia amekosa adabu. Aliyapokea. Na tusisahau kwamba usiku huo huo alikuwa ameamshwa usingizini mara tatu na mtoto wa watu kwa jambo ambalo yeye hakulisikia. Paroko mwingine ninayemfahamu sana angefoka mara ya pili.

Sisi watu wa huku tumelelewa katika heshima, na mimi siibezi. Mtoto wa Kisukuma anayejua kumwamkia mkubwa kwa kupiga magoti ana kitu ambacho shule haiwezi kumpa. Lakini niseme ukweli, kuna mahali tumeichukua heshima ile tukaitengenezea kifuniko. Katibu wa halmashauri ya walei anaona hesabu ya jengo haikai sawa, ananyamaza kwa sababu mwenyekiti ni mzee wa kanisa tangu enzi za wamisionari. Binti wa kazi anaona mwenye nyumba anavyomsogelea mtoto wa dada yake, ananyamaza kwa sababu anakula kwa mtu. Mwanafunzi wa darasa la sita anajua ni mwalimu gani wasichana hawapaswi kubaki naye peke yao, darasa zima linajua, na sisi watu wazima tunakuja kusikia siku ya mazishi au siku ya polisi. Kila mara tunasema jambo lilitokea ghafla. Halikutokea ghafla. Lilionekana toka mbali na mtu tuliyemfundisha kusubiri tumalize kuongea.

Nilirudi mezani. Nikamuuliza kijana kwenye simu: "Na wewe, ukiona ndege nyingine wakati mkufunzi wako anaongea, unafanya nini?"

Akacheka. "Padre, namkatiza. Siku ya kwanza kabisa alituambia hivyo. Alisema anataka nimwonyeshe ndege kumi na tai kumi ambao ameshawaona, kuliko kumwacha mmoja ambaye hajamwona. Nikisema nimeona, hata kama ananifokea kwa jambo lingine, ananyamaza anatazama. Na usukani hauwezi kuwa wa watu wawili au wa hakuna mtu. Akinikabidhi anasema amenikabidhi, mimi nasema nimepokea, naye anarudia."

"Unasemaje ukiona?"

"Kwa saa. Mbele ya pua ni saa kumi na mbili yao, yaani sisi saa sita. Kulia kabisa ni saa tatu yao, sisi saa tisa. Kwa hiyo ikiwa mbele kulia wanasema saa mbili, ambayo kwetu ni saa nane."

Mama alikuwa amepotea. "Saa mbili ya asubuhi au ya usiku?"

Tulicheka mpaka kijana akaomba asikatiwe salio. Ikabidi binti mdogo ashushe saa ya ukutani ya ukumbi, ailaze mezani mbele ya mama yake kama sahani, amwekee kiberiti katikati kiwe ndege, na amwonyeshe kwa kidole. Ukilala kifudifudi kichwa kikiwa saa sita, mkono wa kulia uko saa tisa, wa kushoto uko saa tatu, miguu iko saa kumi na mbili. Mama alirudia mara mbili, kwa uzito, kama anayejifunza sala mpya.

Kuhusu sala, nilimpa mbili. Marubani wana msimamizi wao, Bikira Maria wa Loreto, aliyetangazwa na Papa Benedikto XV mwaka 1920. Na wako wengi wanaomkimbilia Mtakatifu Yosefu wa Cupertino, ambaye sikukuu yake ni 18 Septemba. Huyu anawafaa vijana kama wake mara mbili, kwa kuwa ni mwombezi wa wanaoruka na pia wa wanaofanya mitihani. Mama alifikiri kidogo akasema atawaomba wote wawili, mmoja aangalie ndani na mmoja aangalie nje.

Swali lake la kwanza alilijibu mwenyewe, mimi sikumjibu. Wakati wa kuondoka alisema: "Nilikuja nikitaka nimrudishe kwa sababu anaruka. Sasa nimeona kinachoua ni kingine, na hicho hata hapa Bariadi kipo." Kijana hakurudishwa. Anaendelea na masomo, na kila Jumapili jioni mama anamuuliza jambo moja tu, kama wiki hii amemkatiza mwalimu wake.

Majuma mawili baada ya Pasaka nilikuwa nakwenda kigangoni kuzika, na akina mama wa jumuiya wakaomba lifti. Mama yule alikaa mbele pamoja nami, wenzake nyuma na sufuria zao. Nilikuwa ninamweleza habari ya kwaya, jinsi sauti ya pili inavyoniumiza kichwa, na kama ilivyo tabia yangu nilikuwa nimemgeukia yeye wakati naongea. Sikufika nusu ya sentensi.

"Baba, saa tisa!"

Nikakanyaga breki. Mkokoteni wa ng'ombe wanne, umejaa marobota ya majani, ulikuwa unaingia barabarani kutoka kulia, mtoto anayewaswaga akiwa ameangalia upande mwingine. Ulivuka mbele yetu taratibu, magurudumu yakilia. Akina mama nyuma walikuwa wameshika sufuria. Yule mtoto alipofika upande wa pili ndipo alipotuona, akainua fimbo kutuamkia.

"Endelea, Baba," mama akasema. "Ulikuwa kwenye sauti ya pili."